Mpiga Ngoma wa Friza

Bendi yetu iliitwa Friza, na kama hujawahi kuisikia usijilaumu, karibu dunia nzima iko upande wako. Tulikuwa watu watatu kwenye gereji yangu kule Carrollton, kaskazini mwa Dallas, kuanzia 2017 mpaka mwanzoni mwa 2020, na tulipiga muziki ambao mimi niliuita post-punk, roki ya majaribio. Mke wangu aliuita majaribio tu. Mimi nilipiga gitaa la besi, Trezo kutoka Lubumbashi alipiga gitaa la solo, na wa tatu ndiye ninayetaka kumwandika hapa, kwa sababu kila nikianza kusimulia historia ya bendi najikuta ninamsimulia yeye. Tulimwita Mpiga Ngoma. Jina lake lipo, wajukuu wake wanalo, lakini sisi hatukulitumia hata siku moja.

Alitaka kitu kimoja kutoka kwetu, na alikitaka tangu siku ya kwanza: mtu wa kumpokea. Kwao Burundi wapiga ngoma husimama nusu duara, ngoma moja ikawekwa katikati, na anayepiga ile ya katikati humaliza zamu yake, akarudi nyuma, na mwenzake akaingia kabla sauti haijapoa. Hakuna anayeiacha ngoma hivi hivi. Unapokewa, ndipo unaondoka. Nayaeleza haya sasa kana kwamba nilizaliwa nayo. Ukweli ni kwamba yalinichukua karibu miaka mitatu kuyaelewa, na muda huo wote mzee wa watu alikuwa amesimama kwenye gereji yangu akingoja.

Jina la bendi lilitokana na friza kubwa ya mke wangu, Wambui, iliyojaa matumbo, samaki na maharage ya kuchemsha. Ilikuwa ikinguruma mfululizo, na kwa kuwa Wambui alikataa katakata kuizima, tuliamua kurekebisha sauti za magitaa yetu kwa kuufuata mngurumo wake. Nilimweleza kijana mmoja mwandishi wa mtandaoni kwamba hiyo ilikuwa falsafa yetu. Wambui ni nesi na alikuwa ametoka zamu. Akapita katikati ya mahojiano, akasimama mbele ya Trezo aliyekuwa amekaa juu ya friza.

“Babe, mwambie pia hiyo falsafa imekaliwa na mtu, na mimi nataka ku-defrost samaki,” akasema.

Mpiga Ngoma alifika kila Jumamosi alasiri akitokea kazini, kwenye ghala moja upande wa Fort Worth alikoendesha forklifti. Alivaa koti la suti la kahawia, viatu vimeng'arishwa, na juu ya koti kile kizibao cha njano kinachomeremeta ambacho wafanyakazi wa ghala huvaa wasigongwe na mashine. Hakukivua. Trezo aliona hiyo ni staili ya hali ya juu, akaniambia hatuwezi kupanda jukwaani bila vizibao. Tukanunua. Siku tuliyovivaa mara ya kwanza, Mpiga Ngoma alitutazama kwa furaha kubwa, akatushika mkono, mmoja baada ya mwingine.

“Hongereni sana, bwana. Mmepata kazi ghala gani?”

Hatukuwa na moyo wa kumwambia. Mimi nafanya kazi ofisini, nashughulikia madai ya bima, na kitu kizito kuliko vyote ninachoinua ni kikombe cha kahawa. Kwa miezi kadhaa alikuwa akinishauri jinsi ya kupinda magoti ninapobeba boksi, nami nikawa naitikia, ndiyo mzee, ndiyo mzee.

Ngoma yake aliichonga mwenyewe kutoka kwenye mti ulioangushwa na dhoruba, akaiwamba ngozi ya ng'ombe aliyoipata kwa mchinjaji mmoja wa Kimeksiko. Ilikuwa inanifika kiunoni. Aliitoa kwenye gari, akaiweka kichwani, akatembea nayo taratibu kwenye njia ya kuingilia gereji, mikono ikining'inia tu. Majirani walisimamisha mashine zao za kukatia nyasi wakamtazama. Mimi nilitembea nyuma yake nikiwa nimebeba waya.

Tulimnunulia kiti cha mpiga ngoma, kile kidogo cha duara kinachozunguka. Alitushukuru sana, akatundika koti lake hapo, na hakukikalia hata mara moja. Ngoma ikiwa wazi na mtu wake yuko zamu, hakai, alisema, na sisi tukaona ni mambo ya nguvu za jukwaani. Wala si kwamba hakupenda kukaa. Nyumbani kwake, siku jumuiya yao ya kanisa ilipokutana, nilimkuta amezama kwenye sofa, mdomo wazi, amelala fofofo kabla rozari haijafika katikati. Gerejini alisimama kuanzia tulipowasha spika mpaka tulipozizima.

Muziki wetu hakuupenda. Sisemi hivyo kwa unyenyekevu. Alisema mwenyewe, mara nyingi, bila kuulizwa. Wimbo mmoja ambao nilikuwa nimeutunga kwa wiki nyingi aliusikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kama kuna mtu ameumia. Trezo alipoikwaruza mitambo yake ya kubadilisha sauti, yeye alifumba macho na kukunja uso kwa uchungu. “Nyie mna haraka ya kwenda wapi?” alikuwa akituuliza. Lakini huyo huyo aliyelalamikia kelele aliendesha gari akifungulia redio ya muziki wa kantri mpaka vioo vinatetemeka. Kiingereza chake kilikuwa cha ghalani, cha kushoto, kulia na simama, na bado alilia machozi kwa nyimbo za watu waliofiwa na mbwa. Nilimuuliza anaelewa nini. Akasema anaelewa kwamba yule bwana amebaki peke yake. Alipinga pombe mazoezini, akitukemea kama watoto kwa bia moja, na kila Krismasi alituletea chupa ya pombe ya ndizi iliyoandikwa dawa.

Mimi na Trezo tulijadili sana kwa nini mtu asiyeupenda muziki wetu hakosi mazoezi. Tulifikia uamuzi kwamba moyoni anaupenda, ila anaona haya. Wasanii tunajifariji hivyo.

Sasa niseme habari ya kurudi nyuma. Katikati ya wimbo wowote, pale ngoma ilipokuwa imepamba moto, Mpiga Ngoma aliinua fimbo zake mbili juu, akainamisha kichwa, akarudi nyuma hatua chache na kuacha kupiga. Ngoma ikanyamaza. Tukabaki na besi yangu, makwaruzo ya Trezo, na friza. Kisha akatutazama na kuuliza, kwa sauti iliyosikika vizuri, “Nani anafuata?”

Mara ya kwanza nilidhani amechoka. Mara ya pili Trezo alinishika bega.

“Grand, ile silence njo musique yenyewe,” aliniambia. “Huyu papa ni génie. Bazungu batapenda, utaona.”

Basi kila alipouliza nani anafuata, mimi nilimtazama machoni na kutikisa kichwa polepole, ndiyo, ndiyo, kama mtu aliyeguswa sana. Naye aliningoja kidogo, akahema, akarudi kwenye ngoma. Tukaufanya kuwa wimbo kabisa. Uliitwa “Nani Anafuata”, mimi nikiyarudiarudia maneno hayo kwa sauti kavu ya mtu mwenye kisasi na dunia, na yeye akinikodolea macho kutoka nyuma, akijiuliza bila shaka kwa nini mtu aliyeulizwa swali analirudia badala ya kulijibu.

Trezo alisema kweli kuhusu Bazungu. Mwaka 2018 tulipata nafasi ya kupiga alasiri moja kwenye baa ya Dallas, mbele ya vijana wenye masharubu ya babu zao. Mpiga Ngoma aliporudi nyuma na kunyamaza, ukumbi mzima ulinyamaza naye. Msichana mmoja alifumba macho. Mzee akauliza nani anafuata, mimi nikatikisa kichwa, na watu wakapiga makofi mpaka nikasahau noti ya wimbo. Yule mwandishi wa mtandaoni aliandika kwamba Friza ina ujasiri wa kuiacha ngoma ife mbele ya macho ya watu. Niliichapisha sentensi hiyo nikaibandika juu ya friza. Nilimtafsiria Mpiga Ngoma kwa fahari.

Akashtuka. “Ife? Nani kaiacha ife?”

“Ni sifa, mzee.”

“Hiyo si sifa, bwana,” alisema, akachukua koti lake kutoka kwenye kile kiti, na siku hiyo hakutuaga vizuri.

Ungetegemea mtu mwenye akili aulize zaidi hapo. Mimi niliagiza fulana za bendi.

Ajabu ni kwamba kwa mambo mengine alikuwa mtu wa kusema wazi. Alimwambia Trezo anukie kidogo kama mwanamume na si kama duka la manukato. Alimwambia Wambui, mbele yangu, kwamba amenivumilia sana. Lakini jambo la ngoma hakulieleza, kwa kuwa akilini mwake halikuhitaji maelezo. Nani asiyejua kwamba mtu akirudi nyuma anapokewa? Ni sawa na mtu kukunyooshea mkono na wewe ukausifia mkono.

Bega lake la kulia lilianza kumsumbua mwaka 2019. Alipiga akiegemea kushoto, na baada ya mazoezi alikaa garini muda mrefu kabla ya kuwasha, mkono ameulaza mapajani. Nilimwambia apumzike wiki mbili tatu. Akanijibu kwamba atapumzika akipata nafasi, akanitazama mimi, akatazama ngoma, akanitazama tena. Nikatikisa kichwa. Nilikuwa bingwa wa kutikisa kichwa.

Mwisho wa mwaka huo tulienda Houston. Binti wa Mpiga Ngoma alikuwa anaishi huko, mtaa wa Alief, akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na alitutafutia ukumbi ulio nyuma ya duka la vyakula vya Kiafrika. Tulishuka na barabara ya 45 kwa magari mawili, Mpiga Ngoma mbele na kantri yake, mimi na Trezo nyuma tukipanga tutakavyobadilisha maisha ya watu. Watu wenyewe walikuwa Warundi, Wakongo na Wakenya wachache, wamekuja na watoto na masufuria ya wali na kuku, wakitegemea kucheza. Tulipoanza, akina mama walisogeza watoto nyuma. Mzee mmoja aliinuka akakagua spika yetu kwa huruma, akidhani imeharibika.

Kisha Mpiga Ngoma akainua fimbo, akainamisha kichwa, akarudi nyuma. Ngoma ikanyamaza, lakini safari hii hakuna aliyefumba macho. Warundi wote waliacha kula.

“Jamani, mpokeeni!” mama mmoja alipaza sauti.

Mwanamume wa makamo alivua koti, akaja mbele mbio mbio. Mpiga Ngoma akamkatalia kwa kichwa, kwa heshima kabisa, akanyoosha fimbo yake kwangu. Ukumbi mzima ukanigeukia. Nilifanya nilichokuwa nikifanya siku zote, nikatikisa kichwa, ila nikaongeza besi kwa sababu nilidhani ananipa nafasi ya kung'ara. Nilimaliza wimbo nimefumba macho. Nilipoyafumbua, Mpiga Ngoma alikuwa amerudi kwenye ngoma, anapiga kwa mkono wa kushoto peke yake.

Binti yake alinikuta kwenye maegesho nikikunja waya.

“Wewe ndiye yule Mkenya?” aliuliza. “Baba ananiambia kila siku kwamba uko njiani.”

“Njiani kwenda wapi, dada?”

“Kumpokea! Kila akirudi nyuma anasema unamwitikia kwa kichwa. Mtu akikuitikia, si anakuja? Bega limekwisha, daktari amemkataza, nimemwomba ahamie kwangu tangu mwanzo wa mwaka. Hawezi kuja. Anasema hawezi kuiacha ngoma ya watu katikati.”

“Na yule bwana aliyetaka kumpokea leo?”

“Huyo si wa kikundi chake. Kikundi chake ni nyinyi.” Alinitazama kuanzia kizibao cha njano mpaka viatu. “Mungu atusaidie.”

Niliona haya. Wala si haya ya kisanii. Masikio yaliwaka moto. Tuliyemwita génie, mwenye kipaji cha ajabu, alikuwa mtu aliyeshindwa kupata zamu ya kupumzika. Miaka ile yote nilidhani ametekwa na muziki wangu, kumbe alikuwa amezuiliwa nao. Na chini ya haya kulikuwa na kitu kingine: kwamba huyu mtu, aliyeona kila wimbo wetu una mgonjwa ndani, alikuwa ametuhesabu kuwa watu wake.

Nilimfuata kwenye gari lake. Alikuwa anakula mapaja ya kuku yaliyofungwa kwenye foili, redio imepunguzwa kwa ajili yangu.

“Mzee, mimi sijui kupiga ngoma,” nilimwambia.

“Najua. Nimekusikia ukipiga gitaa.”

“Sasa unanitaka wa nini?”

“Trezo atakimbia, yule ana miguu myepesi. Wewe ulinifungulia gereji.” Akanipa paja moja. “Jumamosi nitakuonyesha.”

Akanionyesha, Jumamosi kadhaa za majira ya baridi, na kila Jumamosi nilishindwa. Fimbo ziliniruka, moja ikatua kwenye bakuli la Wambui. Mikono yangu ya ofisini ilitoka malengelenge, na ofisini nikayatangaza kwa kila mtu. Alipoona naanza kuupata mdundo angalau kiasi cha mtu kuutambua, tulipanga siku ya kupokeana: Jumamosi ya mwisho ya Machi, kisha angehamia Houston. Wambui alikubali kupika pilau. Trezo alisema atarekodi.

Machi hiyo ilikuwa ya 2020, na hakuna aliyemtembelea mtu. Wambui alihamia chumba cha wageni ili asituletee maradhi kutoka wodini, akawa ananiongelesha kupitia mlango. Ghala la Mpiga Ngoma liliendelea na kazi mpaka bega likakataa kabisa kuinuka, na binti yake akaja kumchukua na masanduku yake bila kushuka kwenye gari. Ngoma ilibaki kwangu, karibu na friza, na baada ya muda mtu akaiwekea kapu la nguo chafu. Trezo akapata kazi ya lori la masafa marefu. Miguu myepesi, kama ilivyosemwa. Hivyo ndivyo bendi ilivyovunjika, na vyombo vya habari havikuandika chochote.

Mwishoni mwa mwaka, Wambui aliniambia nitoe ile ngoma pale au nifue nguo. Nikaipakia garini pamoja na kile kiti cha duara, nikaenda Houston. Mlangoni mwa majengo anakoishi binti yake huko Alief nilijaribu kuibeba ngoma kichwani, kwa heshima ya mila. Ilinishinda kabla sijafika kwenye masanduku ya takataka, nikaivingirisha njia iliyobaki, huku mjukuu wake akinichungulia kutoka kwenye ngazi.

“Babu, there's a guy rolling your drum,” alipaza sauti.

Mpiga Ngoma alitoka amevaa barakoa na lile koti la kahawia, kizibao hakuna. Alikuwa amekonda. Mkono wa kulia ameutia mfukoni, na nilielewa kwamba unakaa huko. Tulisalimiana kwa mbali. Hakuuliza habari zangu. Alipapasa ngozi ya ngoma kwa kiganja cha kushoto, akanusa.

“Uliiweka karibu na friza.”

“Ndiyo, mzee.”

“Imelowa. Inanuka samaki.”

Tukaiweka juani kwenye maegesho, katikati ya mistari ya magari, ikauke. Tukangoja. Alinisimulia kuhusu stesheni ya kantri ya Houston, ambayo ni mbaya kuliko ya Dallas. Nilimwambia kiti hiki hapa, kaa kidogo. Akakitazama, akaitazama ngoma iliyo wazi, akabaki amesimama.

Ngozi ilipokaza aliichukua fimbo moja, ya mkono wa kushoto, akapiga. Ilikuwa polepole, na mahali ambapo mkono wa kulia ungeingia aliacha pengo, nami nilikuwa naujua mdundo kiasi cha kusikia kinachokosekana. Watu walitokea kwenye ngazi na kwenye vibaraza. Kisha akaiinua fimbo juu, akainamisha kichwa, akarudi nyuma. Hakuuliza nani anafuata.

Safari hii sikuwa na besi wala waya wa kukunja. Shingo yangu ilianza kutikisika kwa mazoea, nikaizuia. Nikaenda.

Nilipiga vibaya. Mjukuu aliziba masikio na kusema, “That's not it,” na alikuwa sahihi. Nilipinda magoti kama mtu anayebeba boksi. Lakini ngoma haikunyamaza, na baada ya muda nikathubutu kugeuza shingo. Mpiga Ngoma alikuwa amekisogeza kile kiti kwa mguu mpaka kwenye kivuli cha gari la binti yake. Alikikagua, akakizungusha kidogo, akakaa. Akanyoosha miguu yote miwili mbele yake.

Nilipiga mpaka malengelenge ya zamani yakakumbuka kazi yao. Mikono ilipokuwa haifai tena, niliinua fimbo zote mbili, nikainamisha kichwa, nikarudi nyuma nilivyofundishwa, kisha nikamtazama.

Akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, polepole, kama mtu aliyeguswa sana, wala hakuinuka. Nikahema, nikarudi kwenye ngoma.